Maswali ya Wasomaji: Mpango wa usawa wa jinsia polisi huanzia kwenye daftari la zamu

Barua za safari hii zimetoka vituoni, vyuoni na nyumbani, na nyingi zinauliza jambo moja: mpango wa usawa wa jinsia ndani ya polisi unaandikwaje ili usiishie kabatini? Tumechagua tisa. Tumeficha majina na vituo vya waandishi, kwa kuwa wengine bado wako kazini chini ya wakubwa walewale wanaowaandika. Mifano mingi ni ya Tanzania, ambako Mtandao wa Polisi Wanawake, TPF-Net, umekuwepo tangu 2007, lakini hesabu zake zinafaa hata Nakuru au Kampala.

Tumepewa mwezi mmoja kuandaa rasimu ya mpango wa miaka mitano. Wenzangu wanataka tuanze na dira na dhamira. Mimi naona hatujui hata tuko wapi. Tuanzie wapi?
*Mratibu wa mtandao, mkoa wa Kanda ya Ziwa*

Umeona sawa, afande. Dira iwekeni pembeni kwa wiki tatu. Kazi ya kwanza ni kuhesabu, na mnahitaji majedwali matatu tu.

La kwanza ni idadi kwa kila cheo, kuanzia konstebo hadi cheo cha juu kabisa mkoani: wanawake wangapi, wanaume wangapi, asilimia ngapi. Msiridhike na jumla ya mkoa. Jumla huficha mengi, maana asilimia 15 ya mkoa mzima inaweza kuwa asilimia 20 ya makonstebo na mtu mmoja peke yake miongoni mwa warakibu.

La pili ndilo lenye utajiri, na ndilo linalorukwa na karibu kila mpango: daftari la zamu. Chagueni vituo vitatu visivyofanana, kwa mfano kimoja cha mjini, kimoja cha wilaya ya vijijini na kimoja cha mwaloni, yaani kwenye soko la samaki la ufukweni, au mpakani. Chukueni siku 90 zilizopita. Pigeni mistari kwenye karatasi kubwa, kila kazi safu yake: kaunta, dawati la jinsia, masijala, upekuzi, lindo la benki, doria ya gari, doria ya pikipiki, upelelezi, kusindikiza mahabusu, operesheni, na kuongoza shifti. Kisha fungueni daftari ukurasa kwa ukurasa na kutia alama. Namba za jeshi za askari wa kike huanza na WP (Woman Police), nao huitwa hivyo kazini, kwa hiyo hata asiyemjua mtu kituoni hapo anaweza kuhesabu. Watu wawili humaliza kituo kimoja kwa siku mbili.

Mkimaliza, linganisheni kila safu na sehemu ya wanawake kituoni. Tuseme kituo kina askari 40, WP wakiwa 8, yaani asilimia 20. Kama kaunta wao ni asilimia 45 na doria ya gari ya usiku ni asilimia 2, lengo lenu la kwanza mmeshalipata. Tunalisisitiza hili kwa sababu bodi ya kupandisha vyeo hutazama aliyeongoza shifti, aliyepeleleza majalada mazito, aliyekwenda operesheni. Askari aliyekaa kaunta miaka minne hana cha kuonyesha, na hapo watu husema wanawake hawajitokezi. Kumbe walipangwa hivyo tangu wiki ya kwanza waliporipoti kituoni.

La tatu ni kozi, uhamisho na kuondoka kazini kwa miaka mitatu hadi mitano iliyopita. Nani alikuwa na sifa za kozi, nani aliteuliwa, nani alikwenda, nani alishindwa kuripoti na kwa nini. Kwa walioacha kazi kabla ya kustaafu, andikeni mwaka wa ngapi wa utumishi waliondoka.

Baada ya majedwali ndipo muongee na watu, kwa vikundi vya watu sita hadi wanane. Watenganisheni kwa vyeo, maana konstebo hafungui kinywa mbele ya mrakibu. Wanaume wawe na vikao vyao pia, kwani wao ndio wapangaji wengi wa zamu na mna haja ya kujua wanachokihofia. Kaeni nje ya kituo, na mwongoza kikao asiwe mtu anayemwandikia yeyote kati yao tathmini ya kazi.

Sasa andikeni malengo, yasizidi matano. Kila lengo liwe na tarakimu ya mwanzo, tarakimu ya kila mwaka, fungu la fedha, na mwenye kuwajibika anayetajwa kwa wadhifa wake. Mwenye kuwajibika asiwe mtandao. Kama anayeteua watu wa kozi ni ofisi ya utawala, basi lengo la kozi ni la mkuu wa utawala, na tathmini yake ya mwaka ilitaje. Mtandao ubaki na kazi ya kuuliza na kukagua. Mipango mingi imekwama hapa: wanawake wanakabidhiwa malengo ambayo kalamu ya kuyatekeleza iko mkononi mwa mtu mwingine, na mwisho wa mwaka wanaulizwa wao.

Rasimu yetu inasema wanawake wafike asilimia 30 ndani ya miaka mitano. Sasa tuko kwenye 12. Mkuu wangu ameipenda. Inawezekana?
*Ofisa mipango, Dodoma*

Haiwezekani, na ni heri kumwambia mkuu sasa kuliko mwaka wa tano. Fanya hesabu hii naye mezani.

Chukua mfano wa jeshi la watu 10,000, wanawake 1,200. Kila mwaka asilimia 4 huondoka kwa kustaafu, kuacha au kufariki, na nafasi zao 400 zinajazwa. Ukiajiri wanawake asilimia 30 ya hao 400, wanaingia 120. Mwaka huohuo wanawake 48 wameondoka. Faida ni 72 tu, na inapungua kila mwaka kwa sababu kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo wanaoondoka wanavyoongezeka. Baada ya miaka mitano utakuwa na wanawake kama 1,530, yaani asilimia 15. Baada ya kumi, asilimia 18. Tena kwa uajiri wa asilimia 30 hutaifikia 30 kamili milele, utaisogelea tu.

Ukipandisha uajiri hadi nusu kwa nusu, mwaka wa kumi unakuta karibu asilimia 25, na 30 unaivuka mwaka wa 16. Weka tarakimu za jeshi lako mahali pa hizi, hesabu ni ileile: wanawake wa mwaka huu, toa wanaoondoka, ongeza wanaoingia.

Hesabu hiyo inakufundisha mawili. Lengo la miaka mitano liwe juu ya mlango, yaani sehemu ya wanawake katika kila kundi linaloingia chuo cha polisi Moshi, kwa sababu hilo jeshi linaliamua lenyewe kila mwaka. Jumla ya jeshi iache iwe lengo la miaka 15. La pili ni kuondoka. Ikiwa wanawake wanaacha kazi kwa kasi kubwa kuliko wanaume, unajaza pipa lililotoboka, na kuziba tundu ni rahisi kuliko kuongeza maji. Kwa hiyo kabla ya kuahidi nafasi mpya, tazama jedwali la walioacha kazi.

Niko dawati la jinsia na watoto mwaka wa saba. Naipenda kazi. Lakini wenzangu niliotoka nao Moshi wameshavaa vyeo, mimi bado. Nikiomba kuhamia upelelezi naambiwa sina mbadala. Je, kuna mpango wowote unaotugusa sisi?
*WP, nyanda za juu kusini*

Pole sana, dada. Barua kama yako tumepokea nyingine nne, kwa hiyo tunaijibu kwa ajili yenu nyote.

Madawati ya Jinsia na Watoto ni moja ya mambo mema yaliyofanywa na polisi Tanzania. Yako zaidi ya 400 nchini, na mtoto aliyebakwa leo ana mahali pa kueleza bila kusimama kaunta mbele ya wezi wa kuku na madereva wa bodaboda. Rwanda nao walianzisha dawati lao la jinsia 2005, kisha 2009 wakafungua kituo cha Isange katika hospitali ya polisi Kacyiru, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha wanamhudumia mwathirika chini ya paa moja.

Hatari ni pale dawati linapogeuka kuwa mahali pa kuwahifadhi wanawake. Dalili zake ni tatu. Wahudumu wote ni WP. Hakuna anayehamishwa kutoka hapo. Na majalada mazito yakiiva yanachukuliwa na upelelezi, ili jina la aliyefanikisha kesi mahakamani liwe la mtu mwingine. Wewe umemwandikia mama fomu namba 3 ya polisi (PF3), umempeleka hospitali, umepokea maelezo ya mtoto kwa saa tatu sakafuni ukiwa umekaa naye chini, lakini kwenye jalada jina lako halipo pale bodi inapotazama.

Mambo ya kudai yaingie kwenye mpango wa mkoa, kwa maandishi, ni haya. Kazi ya dawati ihesabiwe rasmi kuwa ni upelelezi, na anayeanza jalada aendelee nalo hadi mahakamani. Muda wa kukaa dawatini uwe na kikomo, na sisi tungependekeza miaka mitatu, kukiwa na mtu wa pili anayefundishwa miezi sita kabla ya wa kwanza kuondoka. Hapo ile hoja ya "huna mbadala" inakufa. Wanaume nao wapangwe dawatini, walau mmoja kati ya wanne. Wapo wavulana wanaolawitiwa, na wapo baba wanaopigwa, wasiotaka kumweleza mwanamke.

Halafu idaiwe hesabu ya kozi. Kama kituoni kwenu askari 60 wana sifa za kozi ya ukoplo na 15 kati yao ni wanawake, basi nafasi 12 zikija, wanawake watatu ndio uwiano wa kawaida kabisa, bila upendeleo wowote. Akiteuliwa mmoja, aliyeteua aeleze kwa barua. Mara nyingi ikijulikana tu kwamba maelezo yatadaiwa, orodha hubadilika kabla haijasainiwa.

Kwa sasa, usisubiri mpango. Tunza kumbukumbu yako mwenyewe: namba ya kila jalada ulilofungua, ulichofanya, na matokeo mahakamani. Omba uhamisho kwa maandishi kupitia mkuu wa kituo, nakala ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Hapa Kenya Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Lakini mjomba wangu, afisa mstaafu, anasema kuajiri kwa mgao kunashusha viwango. Mnasemaje?
*Msomaji, Nakuru*

Ibara ya 27(8) ya Katiba ya 2010 inahusu vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na kanuni hiyo ya thuluthi ndiyo imekuwa kipimo cha watu hata kwenye uandikishaji wa makurutu. Wasiwasi wa mjomba wako tusiudharau, kwa sababu yapo mahali viwango vilishuka kweli. Liberia baada ya vita, wasichana wengi walikuwa hawajamaliza sekondari, na polisi walitaka wanawake haraka. Ikaanzishwa elimu ya mkato ili wapate cheti na kuingia chuoni. Wanawake waliongezeka kwa kasi, lakini baadhi yao walitoka na kusoma na kuandika kudhaifu, na polisi asiyeweza kuandika maelezo ya shahidi anateseka kila siku ya kazi. Kosa pale lilikuwa haraka.

Swali la kumuuliza mjomba ni hili: kiwango kinapima nini? Kuandika taarifa, kukumbuka sura, kumtuliza mlevi, kukimbia mita kadhaa ukiwa na buti na mkanda, hivyo ni vipimo vya kazi. Kurutu aliyechaguliwa kwa kifua kipana na meno kamili amepimwa kitu kingine. Andikeni kazi za konstebo wa mwaka wa kwanza, kisha kila kipimo cha uandikishaji kionyeshe kinapima kazi ipi. Kisichoonyesha kiondolewe, kwa wote. Mkiona wasichana wanafeli mbio, tangazeni miezi mitatu kabla na muwape ratiba ya mazoezi. Mwili hujifunza kukimbia kwa wiki 8 hadi 12.

Nina mimba ya miezi mitano na bado napangwa lindo la usiku nikiwa nimebeba bunduki. Naambiwa sheria ya kazi haituhusu polisi. Ni kweli?
*WP, Pwani*

Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo muhimu kwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile yenye siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, imewaondoa wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Lakini sheria hiyohiyo inasema vifungu vya 5, 6 na 7 vinawahusu hata hao. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na kati ya misingi inayotajwa ipo jinsia, mimba, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Kinahesabu pia unyanyasaji kuwa ni ubaguzi, na kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa. Wanaoandika mipango ya polisi wakianze na kifungu hiki; ni msingi wa kisheria ambao wengi hawaujui.

Kwako leo: pata barua ya daktari inayotaja kazi usizopaswa kufanya, ikiwa ni pamoja na kusimama zaidi ya saa chache, kubeba uzito, usiku na mazoezi ya kulenga shabaha. Neno "kazi nyepesi" peke yake halitoshi, kila mkuu hulitafsiri anavyotaka. Kuhusu shabaha usikubali ubishi: bunduki ikifyatuliwa huacha vumbi la madini ya risasi (lead) hewani na mikononi, na madini hayo hupita kwenda kwa mtoto tumboni.

Kwa mpango wa jeshi, agizo la ndani linahitaji mambo machache ya wazi. Kuanzia mwezi gani mjamzito anaondolewa lindo la silaha na usiku. Sare ya mimba inatolewa na stoo, maana wengi wanalazimika kushona wenyewe au kuvaa kiraia na kuonekana wageni kituoni. Anarudi kwenye nafasi ileile aliyoiacha. Likizo ya uzazi isihesabiwe kuwa ni pengo katika muda wa kupanda cheo. Na akiitwa kozi akiwa mjamzito au ananyonyesha, nafasi yake ihamishiwe kozi inayofuata bila kuanza foleni upya. Hili la mwisho linaumiza watu kimyakimya, kwani ujumbe wa kuripoti chuoni hufika siku chache kabla, mama ana mtoto wa miezi minne, anashindwa kwenda, na kwenye jalada lake panaandikwa kwamba alikataa kozi. Siku 60 za taarifa zingewaokoa wengi, wanaume wakiwemo.

Mimi ni mkuu wa kituo, mwanaume. Nawapanga WP doria sawa na wengine lakini wao wenyewe wananiomba niwaache. Nifanyeje?
*Mkuu wa kituo, mkoa wa kaskazini*

Asante kwa kuuliza, na tafadhali waulize sababu mmoja mmoja. Huenda ukakuta ni vifaa. Fizibao ya kuzuia risasi iliyokatwa kwa kifua cha mwanaume, mwanamke akiivaa inaning'inia mabegani, kwapani inabaki wazi mahali ambapo risasi inapita, na akikaa kwenye gari inapanda hadi kooni. Kombati inambana nyonga, kiuno kinapwaya. Buti namba 4 stoo hakuna, anavaa 6 kwa soksi tatu, na hapo unamtaka akimbize mwizi. Tengeneza orodha ya vipimo vya kila askari, mguu, kiuno, kifua na urefu, uitume kwa mkuu wa stoo kila mwaka kabla ya manunuzi.

Pia doria ya saa 12 isiyopita mahali penye choo ni adhabu kwa mwanamke aliye kwenye siku zake. Panga njia ipite kituo kidogo, zahanati au kituo cha mafuta kila saa tatu. Na mtoto analala na nani? Ratiba ya zamu ikitolewa wiki mbili mbele badala ya jioni ya kuamkia, wengi watapata ndugu wa kukaa naye.

Nataka kwenda kulinda amani Umoja wa Mataifa. Nasikia wanatafuta wanawake. Nijiandae vipi?
*Sajenti wa kike, Dar es Salaam*

Wanatafuta kweli. Mkakati wao wa 2018 kwa askari wa sare unataka kufikia 2028 wanawake wawe asilimia 30 ya maofisa polisi wanaokwenda mmoja mmoja, na asilimia 20 ya vikosi kamili vya polisi. Kikosi cha kwanza cha namna hiyo cha wanawake watupu kilitoka India, kikafika Monrovia 2007.

Unahitaji walau miaka mitano ya utumishi bila kuhesabu chuo, na kufaulu lugha, udereva na, kwa misheni zenye silaha, shabaha. Wanawake wetu wengi huangukia kwenye udereva. Gari la mtihani ni la gia za mkono, kubwa, la kuendesha kwenye matope, na unatakiwa kulirudisha nyuma kati ya vigingi. WP aliyepata leseni lakini kituoni hajawahi kukabidhiwa ufunguo wa Land Cruiser, siku ya mtihani anazima gari mara tatu. Kwa hiyo anza miezi sita mbele. Omba kwa maandishi kupangwa dereva wa doria, walau mara mbili kwa wiki. Fanya mazoezi ya kurudi nyuma kwa vioo vya pembeni pekee. Kwa lugha, zoea kusikiliza maelezo kwa Kiingereza na kuyaandika upya kama taarifa ya kituo ndani ya nusu saa.

Na ninyi mnaopanga mikakati, lengo la "wanawake 20 misheni" halina maana bila lengo la "WP 100 wenye ufunguo wa gari".

Mkuu mmoja anawaambia mabinti wapya kwamba nafasi ya kozi ina bei yake, na si ya fedha. Wakilalamika, malalamiko yanapelekwa kwake. Mpango unaweza kufanya nini hapa?
*Barua isiyo na jina*

Tumesoma barua yako mara mbili. Kwanza jina la kosa: ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayeyatumia kudai ngono au upendeleo mwingine. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea taarifa, nao hawako chini ya kamanda wako yeyote. Anayetaka kupeleka shauri atunze meseji, tarehe, saa, mahali, na jina la mtu wa kwanza aliyemwambia siku hiyohiyo.

Mpango wa jeshi usiishie kwenye semina ya maadili. Uweke njia ya malalamiko isiyopita kwa mkuu wa mlalamikaji: watu wawili makao makuu, mwanamke na mwanaume, wenye simu yao. Lalamiko lipewe namba ndani ya siku mbili. Anayelalamikiwa asiwe na kauli juu ya kozi, zamu wala uhamisho wa mlalamikaji hadi shauri liishe, na ikibidi mtu kuhama, ahame yeye. Mara nyingi hufanyika kinyume: binti anapelekwa kituo cha mbali "kwa usalama wake", na wenzake wote wanajifunza kunyamaza.

Pia ondoeni kile kinachouzwa. Orodha ya wenye sifa za kozi ikibandikwa ubaoni pamoja na alama zao, na uteuzi ukifanywa na watu watatu badala ya mmoja, yule mkuu hana tena bidhaa mkononi.

Jambo moja kwa wasoma takwimu: njia mpya ikianza kufanya kazi, malalamiko yataongezeka mwaka wa kwanza na wa pili. Msiogope wala msiifunge. Kituo chenye mabinti 30 na lalamiko sifuri kwa miaka mitano kinahitaji kutembelewa.

Mpango wetu ni mzuri, umezinduliwa, una picha nzuri jaladani. Mwaka wa pili huu hakuna kilichofanyika kwa kuwa hakuna fedha. Tumekosea wapi?
*Mjumbe wa kamati, Unguja*

Kwenye kalenda, nadhani. Polisi ni jambo la Muungano, na fedha zenu hupita Fungu 28 la bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mahitaji ya vitengo hukusanywa miezi mingi kabla, na kisichokuwa na kasma, yaani mstari wake wa matumizi kwenye bajeti, wakati huo hakipo. Mpango uliozinduliwa Machi, bajeti ikiwa tayari imefungwa, umechelewa mwaka mzima.

Kaeni sasa na mhasibu, mpitie malengo moja moja. Mtashangaa mengi hayahitaji fedha mpya: mgawanyo wa zamu, watatu wa kuteua kozi, siku 60 za taarifa, kikomo cha dawati. Hayo yaanze mwezi huu kwa agizo la kamanda. Yanayohitaji fedha yaingizwe ndani ya kasma zilizopo. Sare za mimba na buti ndogo ziko chini ya sare. Choo na chumba cha kunyonyeshea viko chini ya ukarabati wa majengo. Mkiomba kasma mpya inayoitwa "jinsia", ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Wafadhili waachieni mafunzo na utafiti, wala msiwaachie mshahara wa mtu au kitu ambacho kikikosekana kazi inasimama.

Kila robo mwaka, kamanda asomewe karatasi moja yenye tarakimu tano za malengo yenu, mbele ya wakuu wa vituo wote, katika kikao kilekile cha kusoma takwimu za uhalifu. Mkuu wa kituo aulizwe doria yake ya usiku kama anavyoulizwa kuhusu wizi wa pikipiki. Ya kwanza isomwe Oktoba.